Haki ya Mtumishi kwa Mwajiri Aliyefilisika

  

Ndugu zetu Waislamu, mliohudhuria msikitini na nyinyi mnaotusikiliza majumbani pamoja na watu wenu: suala tunalolieleza leo limeletwa kwetu hapa Igalula si mara moja wala mbili. Mtu amefanya kazi, siku ya malipo imewadia, na yule aliyemwajiri amefilisika. Hana fedha mkononi, na wanaomdai ni wengi. Je, ujira wake ndio umekufa? Je, asubiri, na asubiri mpaka lini? Je, achukue chochote atakachokikuta nyumbani kwa mwajiri? Na huyo mwajiri naye afanye nini, ikiwa kweli anamcha Mola wake?

Kwanza yatupasa tuwatenge watu wawili ambao aghalabu huchanganywa. Yuko mwenye nacho anayezuia ujira kwa ubahili au kwa jeuri. Huyu hatuna haja ya kumzungumza kwa urefu. Kila mwanafunzi wa madrasa ameisoma Hadithi ya jasho la mtumishi, na amesoma katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mshitaki wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi yote aliyoitaka, kisha akamnyima malipo. Vile vile Mtume (s.a.w.) amelihesabu kuwa ni dhulma tendo la mwenye uwezo kumzungusha mdai wake. Hukumu ya mtu huyo i wazi, na dola ina haki ya kumlazimisha.

Wa pili ni yule ambaye madeni yake yamezidi mali yake. Huyu katika vitabu vya fikihi huitwa muflisi, na kwa neno hilo ndiyo sisi tukapata neno letu la kufilisika. Hadithi ya Sahihi Muslim inamtaja muflisi wa namna nyingine, yule anayekuja Kiyama na Sala nyingi na Saumu nyingi huku amewadhulumu watu, na thawabu zake zikagawiwa waliodhulumiwa mpaka zikaisha. Leo hatumkusudii huyo, ijapokuwa mwajiri asiyeangalia anaweza kuwa muflisi wa namna zote mbili kwa siku moja.

Sasa na tuuangalie ujira wenyewe. Katika nchi yetu hii ya Unyamwezi, kuajiriwa kwa masafa na kwa msimu si jambo jipya. Katika karne ya 19 wapagazi waliokuwa wakichukua mizigo baina ya Tabora na pwani walizoea kupatana ujira kabla ya safari, wakapokea sehemu mbele, aghalabu kwa vitambaa vya merikani, na baki wakaipokea mwisho wa njia. Walikuwa na hekima yao katika hilo. Wafanyabiashara wengi wa misafara walisafiri kwa mali ya mkopo waliyopewa na matajiri wa Unguja. Taria Topan, kwa mfano, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Mfanyabiashara ambaye pembe zake zimepotea njiani alirudi pwani akiwa mdaiwa, na mpagazi aliyekwishapokea sehemu yake mbele alikuwa amesalimika kwa kiasi hicho.

Vibarua wa tumbaku wa leo wako katika hatari kubwa kuliko ya wapagazi hao. Kijana anatoka Kigoma au Katavi, anafika Uyui, Sikonge au Urambo, anapatana na mkulima kwamba atalima, atahudumia miche, atachuma majani na kuchoma moto wa bani mpaka tumbaku ikauke, na atalipwa kwa mkupuo mmoja soko litakapofungwa. Kwa miezi yote hiyo anapewa chakula tu. Mkulima naye amekopa pembejeo kupitia chama cha msingi, na deni la pembejeo hukatwa kabla fedha haijamfikia. Mvua ikikataa, au bani likiungua, au daraja la tumbaku likishuka sokoni, mkulima anaondoka mikono mitupu, na kijana yule anaambiwa: bwana, umeona mwenyewe, tumbaku haikutoa kitu, basi tumekosa sote.

Maneno haya, ndugu zetu, hayasimami katika sheria ya Kiislamu. Mtumishi si mshirika wa biashara. Mshirika hugawana faida na hasara. Mtumishi ameuza kazi yake, na thamani ya kazi ni deni juu ya aliyeinunua, mvua inyeshe isinyeshe. Katika madhehebu ya Imamu Shafii (r.a.), ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu, mapatano ya kuajiri hayasihi ila ujira uwe umejulikana kiasi chake, na ukiwekwa muda wa kulipa, muda huo nao ujulikane. Ikiwa mlipatana kwa maneno ya jumla, kwamba tutaona soko litatoa nini, basi mapatano hayo yana kasoro, lakini kasoro haimfanyi mtumishi akose. Anastahiki ujira wa mfano, yaani kile ambacho mtu wa kazi kama yake, mahali kama hapo na kwa muda kama huo, hulipwa kwa desturi. Hii ni kanuni yenye manufaa makubwa, na tunawaomba walimu wa madrasa waifundishe kwa mifano ya mashamba yetu, si kwa mifano ya vitabuni peke yake.

Basi ikiwa deni limethibiti na mali haitoshi, hukumu inakwendaje? Imepokewa kwamba Muadh bin Jabal (r.a.), mmoja katika wanazuoni wakubwa wa Sahaba, alizidiwa na madeni kwa ukarimu wake, na Mtume (s.a.w.) akamzuilia mali yake na kuiuza ili kuwalipa waliomdai. Wataalamu wa Hadithi wamejadili njia ya mapokezi yake, lakini mafakihi wengi wameitegemea. Na katika Sahihi Muslim yamepokewa, kwa Abu Said al-Khudri (r.a.), mambo ya mtu aliyenunua matunda yakapatwa na maafa, deni lake likawa kubwa. Mtume (s.a.w.) akawahimiza watu wamtolee sadaka. Zikakusanywa, zisitoshe. Akawaambia wadai wachukue kilichopatikana, na kwamba kwa wakati ule hawana zaidi ya hicho.

Kutokana na asili hizi mafakihi wakaeleza utaratibu wa kuzuiliwa muflisi. Wadai wanapopeleka shauri, kadhi humzuia mdaiwa asiiguse mali yake. Tangu hapo akiuza, akitoa zawadi au akimwandikia mkewe shamba, tendo lake halipiti. Mali huuzwa mbele ya watu na kwa bei ya soko. Katika kipindi cha kuuza, yeye na walio juu yake hulishwa kutokana na mali ile ile, na huachiwa mavazi yanayowasitiri. Waliofanya kazi ya kukusanya na kuuza hulipwa kwanza. Mwenye rehani hutangulizwa katika kile kitu alichowekewa rehani, si katika mali nyingine. Na aliyeuza kitu asilipwe, akakikuta chenyewe bado kipo mikononi mwa muflisi, ana haki nacho kuliko wengine, kama ilivyothibiti katika Hadithi ya Abu Huraira (r.a.). Kinachobaki hugawanywa kwa wadai wote kwa uwiano wa madeni yao.

Tuweke mfano, kwa kuwa hapa ndipo watu hugombana. Mkulima ana mali ya kuuzwa yenye thamani ya shilingi 3,000,000. Anadaiwa 3,600,000 za pembejeo, 900,000 za dukani, na vibarua watatu wanamdai 500,000 kila mmoja. Jumla ya madeni ni 6,000,000. Mali ni nusu ya madeni, basi kila mdai anapata nusu ya deni lake: wa pembejeo 1,800,000, mwenye duka 450,000, na kila kibarua 250,000. Hairuhusiwi kumlipa mwenye duka chote kwa kuwa ni shemeji, wala kumlipa wa pembejeo chote kwa kuwa ana nguvu, na vibarua wakaambiwa warudi mwakani. Na nusu iliyobaki haifutiki. Inabaki juu ya shingo ya mdaiwa mpaka Mwenyezi Mungu amfungulie, na wadai wameamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 280, wampe muda mwenye dhiki, na wakimsamehe ni bora kwao. Msamaha huo ni hiari. Haifai imamu wala mwenyekiti wa kitongoji kumshurutisha kibarua asamehe, na tumeona wenye mali wakilihimiza jambo hili kwa watu maskini kwa ari ambayo hawaionyeshi wanapodai kodi za nyumba zao.

Upo hapa utofauti ambao msomi hana budi kuufahamu. Katika mgao wa mafakihi mtumishi husimama safu moja na wadai wengine. Sheria ya nchi yetu imemsogeza mbele. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, imeyapa madai ya mfanyakazi haki ya kutangulizwa mwajiri anapotangazwa kufilisika au kampuni inapofungwa, kwa yale yaliyopatikana katika wiki 26 zilizotangulia tangazo hilo. Katika mfano wetu, lau mkulima yule angetangazwa muflisi na mahakama, na ujira wote uwe ni wa wiki hizo, na pasiwe na mwingine wa daraja hiyo hiyo, vibarua wangechukua 1,500,000 zao kamili, na wadai wawili waliobaki wakagawana 1,500,000 iliyosalia, kila mmoja akapata theluthi ya deni lake.

Je, Mwislamu anaruhusiwa kuchukua kwa utaratibu huu? Sisi twaona anaruhusiwa. Ni utaratibu uliowekwa na mamlaka kwa masilahi yaliyo wazi, wadai wengine waliujua au walipaswa kuujua walipokopesha, na mtumishi ndiye mnyonge wao: mwenye kampuni ya pembejeo amewakopesha wengi na hasara ya mmoja huifidia kwa wengine, ilhali kibarua amekopesha mikono yake kwa mtu mmoja tu. Wako wenzetu wanaoshikilia mgao wa uwiano peke yake. Hatuwakemei, ila hatuoni hoja yao kuwa ina nguvu katika zama ambazo kadhi wa Bara hana nguvu ya dola ya kumzuilia mtu mali. Makadhi wa BAKWATA husuluhisha na kunasihi. Kuzuia na kuuza ni kazi ya mahakama.

Mzingatie pia zile wiki 26. Ni miezi sita. Msimu wa tumbaku, tangu kusia mbegu mpaka kuuza, ni mrefu kuliko hapo. Anayengoja alipwe chote mwishoni anaweza kukuta kwamba kazi yake ya mwanzo imeanguka nje ya muda uliotangulizwa. Wapagazi wa zamani wasingekubali mapatano kama hayo.

Tuje kwenye njia yenyewe ya kudai. Madai ya mshahara hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, nayo ina ofisi Tabora mjini. Anayelalamika kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tangu kuachishwa. Mwenye madai mengine, yakiwemo ya mshahara usiolipwa, ana siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Hujaza fomu ya kwanza ya Tume, nakala humpelekea mwajiri, na huweka ushahidi kwamba mwajiri ameipokea. Msuluhishi hukaa nao, na sheria imempa siku 30 za kutafuta mapatano. Wasipopatana, shauri huenda kwa mwamuzi, na tuzo yake hukazwa kwa nguvu ya mahakama kama hukumu nyingine. Aliyechelewa kwa sababu ya msingi anaweza kuomba aongezewe muda, lakini ataulizwa sababu, na kuona haya si sababu.

Tumelitaja neno la haya kwa kukusudia. Vijana wetu wengi hupoteza haki kwa siku hizi 60. Mwajiri huwaambia kwa upole, subirini kidogo, na wao kwa heshima husubiri. Kijana wa kutoka mbali hurudi kwao Kasulu akiwa na ahadi tu, na akirudi Igalula baada ya miezi minne hukuta muda umekwisha. Kusubiri kwa adabu na kuwasilisha madai kwa wakati ni mambo mawili yasiyogombana. Mtu aweza kumwendea mwajiri wake akamwambia: mzee, mimi sina ugomvi nawe, nakwenda kuandikisha deni langu lisipotee, na tukipatana kabla ya siku ya shauri tutaandikishana huko huko.

Wengine huogopa kwa sababu hawana mkataba wa maandishi. Suratul Baqara, katika aya yake iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qurani, imetuamrisha tuandike madeni, na tumelipuuza agizo hilo mashambani kana kwamba liliwahusu wafanyabiashara wa Makka tu. Hata hivyo asiyeandikishwa hajakosa. Sheria ya 2004 imemtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na mwajiri akishindwa kuyaleta katika shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi unamwelemea yeye. Kibarua na alete alichonacho: daftari la siku, ujumbe wa simu, risiti ya fedha alizotumiwa, na mashahidi waliofanya kazi pamoja naye.

Mwajiri akiwa ni kampuni, na mahakama ikawa imekwishaamuru ifungwe, mambo hubadilika. Hapo anateuliwa mfilisi, na kuishitaki kampuni pembeni huhitaji ruhusa ya mahakama. Mfanyakazi humpelekea mfilisi uthibitisho wa deni lake: tarehe alizofanya kazi, mshahara, likizo asiyolipwa, na kiinua mgongo kama anastahiki. Ipo taasisi ya Serikali ambayo sisi sote tunaijua kwa vyeti vya kuzaliwa, RITA, na ni wachache wanaotia akilini kwamba jina lake kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Benki iliyoshika jengo au mashine kwa rehani itachukua katika kile ilichokishika, na mara nyingi ndicho kilichokuwa na thamani. Kwa hiyo mfanyakazi asingoje mlango ufungwe kwa kufuli. Mshahara wa mwezi mmoja ukipita bila kulipwa ni habari. Wa pili ukipita ni onyo.

Nasi watu wa njia ya reli tunao mfano mkubwa kuliko wa kampuni yoyote. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na inapita hapa Igalula. Baada ya uhuru iliendeshwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lenye makao yake Nairobi, nalo lilikuwa mali ya Jumuiya iliyoundwa mwaka 1967 na Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege wakajikuta mwajiri wao hayupo tena duniani, ilhali miaka yao ya kazi na akiba zao za uzeeni vilikuwa katika vitabu vyake. Tabora, mji wa reli, ulikuwa na watu hao wengi.

Ilichukua miaka saba hata kugawana mali na madeni. Msuluhishi alikuwa Victor Umbricht, mtu wa Uswisi, na mapatano yakatiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984, ambamo kila nchi ilibeba malipo ya uzeeni ya raia wake. Wastaafu wa Tanzania waliona kwamba walichopewa si haki yao kamili. Mwaka 2003 walifungua shauri katika Mahakama Kuu, Dar es Salaam, watu zaidi ya 31,000, na Septemba 2005 wakafikia hati ya maridhiano na Serikali, fedha zikaanza kulipwa. Hesabu kutoka 1977: ni miaka 28. Wengi walikwishakufa. Wengine kwa miaka iliyofuata waliendelea kudai kwamba kilichobaki hawakukipata, na wazee wa mvi wakaonekana wakiketi katika barabara za Dar es Salaam kushinikiza madai hayo.

Sisi hatutoi hukumu ya nani alikuwa na haki katika hesabu za mwisho. Hilo limepita mahakamani. Tunalolitazama ni kanuni yake. Deni la mtumishi halikufa kwa kufa kwa mwajiri, lilifuata mali. Waliogawana mabehewa, injini na majengo walibebeshwa na deni pia, na hii inaafikiana na fikihi, kwani warithi hawagawani urithi ila baada ya madeni ya maiti kutolewa. Na jambo la pili: waliofika mbele ya mahakama walifika kwa umoja, kwa wawakilishi, na kwa karatasi. Mzee aliyehifadhi barua yake ya kuajiriwa chini ya sanduku kwa miaka 28 alikuwa na cha kuonyesha. Aliyeichoma akidhani mambo yamekwisha alihangaika.

Sasa lile swali la kuchukua kwa mkono. Vijana hutuuliza: tumemkuta mwajiri ana pikipiki na mabati, kwa nini tusichukue? Ni kweli kwamba mafakihi wa Kishafii wamejadili ruhusa ya mwenye haki kuchukua kiasi cha haki yake kwa mdaiwa anayekanusha. Lakini ruhusa hiyo ina masharti, na kwa muflisi ina kizuizi kikubwa: mali yake imefungamana na haki za wadai wote. Anayebeba pikipiki peke yake huenda amebeba fungu la kibarua mwenzake, au la mjane aliyemkopesha mwajiri yule. Tena polisi wa kituoni hawatasoma Minhaj. Wataandika wizi, na mdai atageuka mshitakiwa. Jambo hili hatulipendekezi kabisa.

Kwa mwajiri tuna maneno. Kufilisika si dhambi. Muadh (r.a.) alifilisika, na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimtuma Yemen baada ya hayo. Dhambi ni kuficha. Ukiona mambo yanaharibika, waite watumishi wako mapema uwaambie ukweli, usiajiri mwingine kwa ahadi usiyoweza kuitimiza, uandike deni la kila mmoja na utie saini, na usihamishe ng'ombe usiku kwa ndugu zako. Mwenye kampuni aliyejitolea fedha nyingi mwaka wa mwisho, kisha akasema kampuni ni mtu mwingine na mimi ni mtu mwingine, ajue kwamba hata sheria ya makampuni inairuhusu mahakama kumbebesha deni pale udanganyifu unapothibitika. Na pale ambapo mahakama haikuuona, sisi twaona deni bado linamning'inia mbele ya Mola wake kwa kadiri ya alichokitoa.

Na wako katika Zaka watu wanaoitwa wenye madeni, katika Suratut Tawba, aya ya 60. Mkulima aliyezama kwa ukame, pasipo maasi wala ubadhirifu, anaingia humo. Kamati ya Zaka ya msikiti ikiwa na kitu, inaweza kumlipia ujira wa vibarua wake, na kwa tendo moja ikawa imewafaa watu wanne. Tunashangaa kwamba fungu hili hukumbukwa kwa nadra.

Vipi kibarua akiondoka bila ya ujira wake, na mwajiri baadaye akafunguliwa riziki? Mnakijua kisa cha watu watatu waliofungiwa na jabali pangoni. Mmoja wao aliajiri watu, na mmoja katika hao akaondoka akauacha ujira wake, nao ulikuwa kipimo cha nafaka. Katika mapokezi mengine imetajwa mchele. Mwajiri akaupanda, akauzidisha, mpaka ukawa ng'ombe na mchungaji wao. Mtu yule aliporudi baada ya muda, akamkabidhi wote. Hatusemi kwamba kila mwajiri ni wajibu wake kulipa na faida. Mafakihi wameihesabu ile kuwa ni hisani. Wajibu ni kiasi kilichopatanwa, na kumtafuta mwenyewe. Siku hizi namba ya simu inatosha kumtafuta mtu aliyeko Kibondo.

Akiwa mtumishi amefariki, ujira wake ni sehemu ya urithi wake. Warithi wamchague msimamizi wa mirathi, aidhinishwe na mahakama, kisha huyo ndiye adai kwa Tume au kwa mfilisi kwa jina la marehemu. Na kitakachopatikana kwanza kilipe madeni ya marehemu mwenyewe, kisha wasia wake ndani ya theluthi, kisha kigawanywe kwa mafungu yanayojulikana. Akiwa aliyefariki ni mwajiri, watumishi wapeleke madai yao kwa msimamizi wa mirathi yake kabla ya mgao. Nasi maimamu, tunapouliza mbele ya jeneza kama yuko anayemdai marehemu, tuwe na daftari mkononi, tuandike jina la kila anayejitokeza na kiasi anachodai, na tulikabidhi kwa familia siku hiyo hiyo.